Sarafu ya 1961: Tupime Mbele ya Kulipa



Leo nasema juu ya sarafu ya Katanga ya 1961: upande moja ndizi, upande mwingine musalaba wa mukuba. Ile ya faranga 5 ilitengenezwa namna mbili, ya bronzi na ya zahabu. Basi, bajanja banapaka ya bronzi rangi ya zahabu, banaiweka mu mnada wa intaneti.

Picha haionyeshe uzito. Uliza mizani: ya zahabu iko na gramu 13 na kidogo, ya bronzi inafika karibu nusu tu. Angalia pia pembeni na juu ya herufi: pale rangi inatoka mbele, wekundu unaonekana.

Mama moja wa kwetu aliomba mkopo mu kasha letu juu anunue moja. Tulimuambia aulize uzito kwanza. Muuzaji akanyamaza. Ule mkopo njo ulinunua mabati ya nyumba yake.

Na sisi wenye kuwa nayo, tusiisugue, tusiipake: weusi wa miaka njo bei yake. Tukiuza, tuseme ukweli.