Kwa Nini Daktari wa Jeshi Asomee Dharura za Watoto



Wengi mnatuuliza: ninyi madaktari wa askari, mnatafuta nini katika masomo ya watoto? Vita inapohamisha vijiji, anayeletwa mlangoni petu si askari tu. Analetwa pia mtoto mwenye homa, degedege au kuhara.

Sisi tulizoezwa majeraha ya watu wazima. Mtoto ni jambo lingine. Utafiti uliotangazwa mwaka 2011, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu, ulionyesha kwamba waliopewa serumu nyingi kwa haraka walikufa zaidi: karibu 11 kwa kila 100 ndani ya saa 48. Wasiopewa hivyo walikuwa 7. Watoto wenye kuhara au utapiamlo mkali hawakuwemo. Basi lazima daktari ajue ni mtoto yupi, ana kilo ngapi, ana ugonjwa gani. Hayo hayafundishwi mstari wa mbele.

Wakuu wa kambi, tunawaomba: mtoto asiyeweza kunyonya, anayepumua kwa shida, mwenye degedege au aliyelegea bila kuamka, asipange foleni. Apite mbele, hata usiku. Mama akiogopa magwanda yetu (na ana sababu), aje na muuguzi wa kambi. Bunduki zibaki nje. Nasi hatutamwuliza baba wa mtoto yuko upande gani.