Asifuye Mvua Imemnyea

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Halmashauri ya Chama katika sherehe ya kutimiza miaka 10



Tumepewa kazi ya kusema machache juu ya wageni wanaopita katika nchi yetu hii, na juu ya maneno wanayoyasikia kabla hawajafika. Yamkini mwanachama akauliza: Chama cha wakulima kina habari gani na wasafiri? Twajibu kwamba kinayo, na habari yenyewe ndiyo ile ile iliyouleta ushirika hapa duniani petu, yaani habari ya mizani.

Wazee waliopo hapa hawana haja ya kukumbushwa, lakini vijana yafaa wasikie. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa, na Musoma ilikuwa ndani ya jimbo hilo, waliona kwamba mnunuzi ndiye mwenye mizani na ndiye msomaji wa mizani. Mkulima alisimama kando, akaambiwa uzito wa jasho lake mwenyewe. Wakulima hawakukomea kunung'unika. Walisimamisha watu wao wa kukagua uzito, wakaunda vyama vya msingi, na mwaka 1955 vyama vikuu vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, ambao Paul Bomani alikuwa kiongozi wake mashuhuri. Hawakusema kwamba kila mnunuzi ni mwizi. Walisema tu kwamba mtu mwenye faida katika jambo haifai aachwe peke yake kulipima.

Basi tazameni mambo ya leo. Msafiri aliye Dar es Salaam, au aliye Berlin, akitaka kujua mahali pa kwenda, hufungua simu. Humo hukutana na watu wenye wafuasi wengi, wanaoonyesha picha nzuri za vitanda, vyakula na machweo ya jua. Wengi wao wamepewa nauli, wamelazwa bure, wamelishwa bure, na wengine wamelipwa fedha juu yake, ili waseme kwamba pale ni peponi. Hatusemi kwamba wote ni waongo. Twasema kwamba mizani ya sifa zao imeshikwa na muuzaji.

Sote twamjua mpiga debe wa stendi. Hulia kwa sauti kubwa, “Linaondoka sasa hivi!” na gari lenyewe halina hata nusu ya abiria. Hatumchukii, maana ndiyo riziki yake. Lakini nani kati yetu aliyepata kumwuliza mpiga debe kama gari lile lina breki? Yeye hasafiri. Akiisha kupata ujira wake, hulirudia gari jingine. Wahenga walisema, asifuye mvua imemnyea. Sifa ya mtu ambaye mvua haijamnyea haina uzito, hata ikisomwa na watu milioni moja.

Madhara ya jambo hili yamekwisha kuonekana mbali na kwetu. Mwaka 2017, katika kisiwa cha Great Exuma huko Bahamas, iliitishwa tamasha iliyoitwa Fyre Festival. Watu mashuhuri walilipwa waitangaze katika mitandao, na tikiti zikauzwa kwa bei kubwa. Wageni walipofika walikuta mahema ya dharura, na badala ya vyakula vya kifahari wakapewa mikate na vipande vya jibini. Mwenye kuiandaa alifungwa kwa udanganyifu. Lakini wakulima wafikiri juu ya wenyeji wa kisiwa kile, waliojenga, waliopika na waliobeba mizigo. Wengi wao waliachwa bila ujira, na jina la kisiwa chao likatajwa duniani pamoja na kashfa ambayo si wao walioitunga. Huko Marekani, Tume ya Biashara ya serikali huwataka wasifiaji wa kulipwa waseme wazi kwamba wamelipwa, na mwaka 2024 ilitoa kanuni ya kupiga marufuku maoni ya kubuniwa ya wateja. Sheria ni jambo jema, lakini haiwezi kufika katika kila kituo cha basi. Panahitajiwa na watu pia.

Ndugu Wanachama, tuitazame sasa nchi yetu. Serengeti ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1951, na mwaka 1981 UNESCO ikaiingiza katika Urithi wa Dunia. Sifa zake ni za kweli, wala hazihitaji kuongezwa chumvi. Lakini picha inayotembezwa kuliko zote ni moja tu, ile ya nyumbu wakivuka mto mbele ya mamba. Mgeni huiona, akaulizia njia, akaambiwa kwamba lango la Ndabaka liko Bunda, kando ya barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Hufunga safari mwezi wa Septemba, akaingia, akatafuta makundi yale asiyaone. Hapo hukasirika, akasema kwamba watu wa Bunda ni matapeli.

Mchungaji yeyote wa upande ule angaliweza kumwokoa kwa maneno machache. Angalimwambia: kwa kawaida nyumbu hupita upande huu wa magharibi, kuuelekea mto Grumeti, kati ya Mei na Julai; tangu Julai hata Oktoba wengi wao huwa kaskazini, kwenye mto Mara, upande wa Kogatende, na kutoka hapa ni mwendo mrefu wa gari. Wao hufuata mvua na majani, hawafuati kalenda. Ukija Septemba utawaona twiga, viboko na mamba wakubwa wa Grumeti, na mbega katika miti ya kando ya mto. Kama hayo yakutosha, karibu. Na mvua ikinyesha, udongo ule mweusi hunata, usije na gari dogo. Hayo ndiyo maelezo ya kweli, nayo yana sifa na kasoro pamoja.

Twende Musoma. Msifiaji wa kulipwa ataonyesha maji ya ziwa yaking'aa, naye akiwa ndani yake hadi kifuani. Hatasema kwamba Ziwa Viktoria lina kichocho, wala kwamba mahali pengine pana mamba, na kwamba yatupasa kuwauliza wavuvi kabla ya kutia mguu. Atasema, njoni mwone taa za wavuvi wa dagaa usiku, zilizo kama mji juu ya maji. Ni kweli zapendeza, lakini dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza la mwezi; mgeni akija mwezi mpevu atatazama maji matupu. Mama anayeanika dagaa alfajiri aijua siku ya giza kuliko kitabu chochote cha wasafiri. Yeye pia ndiye ajuaye ni wapi hapo Mwigobero mtu aweza kula sato aliyetoka majini siku ile ile, kwa ugali wa muhogo na mtama, kwa bei ile ile anayotozwa mchukuzi.

Na Butiama je? Hapo ndipo alipozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922, mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki. Hapo ndipo aliporudi kulima baada ya kung'atuka mwaka 1985. Na hapo ndipo alipozikwa mwaka 1999. Yako Makumbusho yenye jina lake, na iko Mwitongo, nyumbani kwa ukoo wake, penye kaburi. Anayetafuta anasa atajuta kwenda, na ni haki aambiwe hivyo mapema. Anayetaka kuona jinsi mkuu wa nchi alivyokubali kuishi kijijini, katikati ya mawe na mashamba, atarudi na kitu moyoni. Aambiwe pia kwamba pale ni kwa watu, wala si uwanja wa maonyesho. Abishe hodi, aombe ruhusa kabla ya kupiga picha, na asiharakishe wazee wakizungumza.

Lakini tusijidanganye kwamba neno la mwenyeji ni la kweli kwa sababu tu ni la mwenyeji. Nasi pia tuna mizani mibovu. Yuko dereva wa bodaboda ambaye mgeni akimwuliza nyumba nzuri ya kulala, humpeleka kwenye ile inayompa kamisheni, akaipita iliyo safi na ya bei nafuu. Yuko mtu wa dukani asemaye kwamba njia ya jirani yake imeharibika, na haikuharibika. Uenyeji si cheti cha uaminifu. Aliyelipwa shilingi elfu mbili na aliyelipwa dola elfu mbili wanatofautiana kwa kiasi tu.

Kwa hiyo, ili msafiri apate neno la kweli, na ili sisi wenyewe tulipate tunapokwenda Mbeya, Tanga au Nairobi, twatoa maswali manne ya kupimia. La kwanza: aliyesifu, nani alimlipia? La pili: alikuwapo lini, na kwa siku ngapi? Maana mahali pa Juni si mahali pa Novemba. La tatu: ametaja kasoro gani? Pamba yote isemwayo kuwa safi, bila fyata hata kidogo, ndiyo hasa ya kufunguliwa gunia. La nne, nalo ni kubwa kuliko yote: mgeni akirudi na malalamiko, je, atamkuta? Muuza chai wa stendi ya Bunda atakuwapo kesho. Mwalimu wa shule ya kijijini atakuwapo. Katibu wa chama cha msingi atakuwapo. Mtu atakayekutana tena na uso wa yule aliyemshauri huchagua maneno yake kwa uangalifu.

Kwa nini jambo hili litusumbue sisi wenye majembe? Mwaka 2023 watalii waliokuja Tanzania kutoka nje walizidi milioni 1.8. Wapo wanaopita katika barabara yetu, vioo vimefungwa, chakula kimefungwa katika maboksi kutoka mbali, maana hakuna aliyewaambia kwamba hapa pana kitu. Na huku yuko mwanachama wetu alalaye shambani akiwafukuza tembo kwa madebe na tochi, ili mahindi yake yafike ghalani. Yeye hubeba gharama ya wanyama wale. Si haki akose hata bei ya mkungu mmoja wa ndizi kwa mgeni aliyekuja kuwatazama. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hawezi kupona ikiwa mgeni hajui kwamba mwenyeji yupo.

Basi, kwa niaba ya Halmashauri, twaleta mbele yenu mapendekezo matatu, mkayazungumze katika mikutano ya vyama vyenu vya msingi.

Kwanza, kila chama cha msingi kiweke daftari la wageni katika ofisi yake. Ndani yake yaandikwe majina ya wanachama walio tayari kupokea wageni, kuwapikia, kuwaonyesha mashamba au kuwapigia ritungu. Na kando ya kila jina iandikwe bei, majira yanayofaa, na kasoro. Kama choo ni cha shimo, iandikwe. Kama umeme hukatika, iandikwe.

Pili, mtu asitoe hata senti moja ili jina lake liandikwe, wala asilipwe katibu wala dereva kwa kumpeleka mgeni kwa huyu badala ya yule. Siku tutakayouza nafasi katika daftari hilo, tutakuwa tumemrudishia mnunuzi mizani.

Tatu, mgeni akilalamika, maneno yake yaandikwe katika ukurasa ule ule, nayo yasifutwe. Mwanachama apewe nafasi ya kujibu na kutengeneza. Mgeni anayefuata asome yote mawili.

Twajua kwamba njia hii ina hasara zake. Mgeni mwingine, akiisha kuambiwa kwamba nyumbu hawapo, ataahirisha safari, nasi tutakosa fedha ya siku ile. Jirani asiye na haya atamwahidi simba mlangoni, naye atampata. Twawaomba mvumilie. Mkulima aliyezoea kuleta pamba safi hutambulikana kituoni kabla gunia lake halijafunguliwa, lakini sifa hiyo hakuipata kwa msimu mmoja. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Chama hiki kimetumia miaka 10 kujenga imani ya wanachama wake juu ya uzito na malipo. Imani hiyo hiyo twaweza kumpa mgeni, naye akaichukua kwenda nayo kwao, akamwambia ndugu yake kwa mdomo wake mwenyewe, bila kulipwa.

 Twawatakia mvua njema, mizani ya haki, na wageni wenye heri.

Ushirika udumu.