Turudi Nyumbani Tukiwa Bado na Nguvu
(Mazungumzo kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu, Dar es Salaam)



Kamati imetupa dakika 15 tuzungumzie maisha ya kubana matumizi na kujitegemea kwa watu wa umri wetu. Tunaposema "sisi" tuna maana ya familia moja, mume na mke, mmoja mhasibu na mwingine muuguzi, wote tumevuka miaka 40, watoto watatu, makazi Kimara. Tunadhani tumechaguliwa kwa sababu habari zimezagaa kwamba tumeuza gari moja na asubuhi tunakula magimbi badala ya mkate. Zote mbili ni kweli. Aliyesema tumefilisika ndiye aliyeongeza chumvi.

Tuanze na umri. Mkubwa kati yetu ana miaka 46. Kustaafu kwa hiari ni miaka 55, kwa lazima ni 60. Kwa hiyo imebaki miaka 9, tukijivuta sana ni 14. Pensheni ya kila mwezi inataka uwe umechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15 kamili. Humu ndani wapo waliofanya kazi za mikataba mifupi, mwaka huku miaka miwili kule, na wapo wafanyabiashara ambao hawajawahi kuchangia hata mwezi mmoja. Tunawaomba, kabla wiki hii haijaisha, mtu aombe taarifa ya michango yake ahesabu miezi. Ni karatasi moja tu, lakini tumeona watu wazima wakiishika mikono ikitetemeka.

Na hata anayeifikisha miezi hiyo, tunamjua. Anapokea mkupuo akiwa na miaka 60, anaamua sasa ndipo ajenge nyumbani, apande kahawa, anunue ng'ombe, vyote kwa mwaka mmoja. Ndugu zangu, mti haujui kwamba wewe umestaafu. Mche wa kahawa unataka kama miaka mitatu kabla hujachuma cha maana. Parachichi la kubebeshwa nalo ni hivyo hivyo. Wakati anasubiri, mkupuo unaliwa na fundi na saruji, na mgongo nao una miaka 60. Ndiyo maana tumeona heri tuanze sasa, kidogo kidogo, wakati mshahara bado unaingia na kupanda kilima bila kupumzika kunawezekana.

Tulianza miaka minne iliyopita kwa kununua daftari. Kwa mwezi mzima tuliandika kila shilingi iliyotoka, hata ya karanga za kwenye foleni. Chakula peke yake kilikula 640,000. Tukapiga mstari chini ya kila kitu ambacho kwetu mlimani kinaota au kinafugwa. Ndizi 60,000. Maziwa lita mbili kwa siku, 150,000. Mayai trei tatu, 30,000. Maharage 30,000, unga 40,000, mboga na matunda 80,000. Jumla 390,000. Maana yake, katika kila shilingi kumi za chakula, shilingi sita tulikuwa tunazitoa kununua mjini vitu ambavyo babu zetu hawakuwahi kuvinunua.

Kutoka hapo tukafanya mambo ambayo hayana ufundi wowote. Gari la pili liliuzwa. Uani tuna ndoo 22 za mchicha, figiri na sukuma wiki, ambazo faida yake kubwa ni kuzoesha mikono kuliko kuokoa pesa. Watoto walilalamika kama miezi miwili, wakazoea. Jambo gumu lilikuwa michango. Hapa tuseme wazi, maana wengine wenu mmetukasirikia. Kwa mwaka tumetenga fungu moja la harusi, send-off na kipaimara, na likiisha limeisha; kadi ikija baada ya hapo tunakuja kupika na kuosha vyombo, bahasha hakuna. Msiba hatujauwekea kikomo. Bado tunaona huo ndio utaratibu wa haki.

Kinachopatikana tunakipeleka nyumbani, na hatukipeleki Desemba peke yake. Sheria inampa mfanyakazi likizo ya siku 28. Siku 14 tunazitumia Machi, wakati wa kupanda mahindi na maharage kwenye shamba la chini, na zilizobaki tunazitumia wakati wa kiangazi, kihamba kinapohitaji kazi. Mibuni ya zamani tuliing'oa nusu, tukapanda miche 120 ya aina mpya za kutoka kituo cha utafiti cha Lyamungo, zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Nusu nyingine tumeiacha kwa sababu shangazi alikataa.

Huyu shangazi tumweleze kidogo, kwa kuwa yeye ndiye mwalimu wetu. Ana miaka 78, mjane, anaishi kwenye kihamba cha nusu eka. Siku ya kwanza tulipofika na daftari letu na majembe mapya aliuliza, "Mmekuja kulima au mmekuja kupiga picha?" Tukamwomba ruhusa ya kuandika matumizi yake ya mwezi. Alicheka, lakini alikubali. Sukari, chumvi, mafuta ya kula, sabuni, umeme, vocha, dawa ya presha, sadaka: 74,000. Tulirudia hesabu mara tatu tukidhani kuna kitu kimesahaulika. Hakuna. Migomba ya mshare na ndizi ng'ombe, magimbi pembeni mwa mfereji, viazi vikuu vinavyopanda kwenye miti, kuku, mbuzi wawili, kuni za matawi aliyopogoa mwenyewe. Akikata mgomba, shina halitupwi: kipande kinakwenda kwa mbuzi, kilichobaki anakilaza chini ya mibuni kitunze unyevu. Sisi tulisoma Elimu ya Kujitegemea shule ya msingi, tukabeba samadi vichwani hadi shamba la shule, na tulidhani tunaifahamu maana yake.

Lakini tusidanganyane. Kihamba cha nusu eka hakiwezi kumlisha mtu kila kitu na kumsomeshea mtoto juu yake. Shangazi hana ada ya kulipa. Akiumwa sana, ni simu inapigwa Kimara. Kwa hiyo kwenye mpango wetu wa miaka tisa, kabla ya ng'ombe na kabla ya rangi ya nyumba, mstari wa kwanza ni bima ya afya, wa pili ni kumaliza ada ya mtoto wa mwisho. Anayewaambia kwamba mtarudi kijijini muishi bila pesa anawauzia kitu. Tunachotafuta sisi ni kushusha gharama ya mwezi hadi pale ambapo pensheni ndogo inatosha na kubaki.

Ng'ombe tunaye tayari, ila hatuishi naye. Tumefuata desturi yetu ya zamani: yuko kwa jirani, maziwa na mbolea ni vyake, ndama tunagawana. Wachumi wangeandika kitabu kuhusu mkataba huo. Sisi tunapata mtaji unaozaana bila kulipa mshahara, na jirani anapata maziwa bila kukopa.

Sasa tuje kwenye maji, kwa sababu ndiyo hasa yaliyotuleta mbele yenu leo.

Milimita moja ya mvua ikidondoka kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la nyumba yetu kule lina mita za mraba 120. Tukichukua mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, ambayo kwa ukanda wetu wa juu ni makisio ya mtu mwoga, tunapata lita 120,000. Toa moja ya tano inayomwagika na kupotea, zinabaki 96,000. Familia ya watu watano, kila mmoja lita 40 kwa siku, inatumia lita 73,000 kwa mwaka. Kwa hiyo mvua inatosha. Shida ni kwamba inakuja kwa pamoja kisha inatuacha. Kiangazi cha siku 150 kinataka lita 30,000 za watu, na ng'ombe mmoja wa maziwa, kwa lita 60 za siku, anataka 9,000 nyingine. Jumla 39,000. Hayo ni matanki manne ya lita 10,000. Tumejiwekea tanki moja kila mwaka. Mawili yamesimama, la tatu tumeshalilipia nusu. Hesabu hii mtu yeyote mwenye bati na gata anaweza kuifanya leo nyuma ya kadi ya mwaliko.

Lakini sikilizeni upande wa pili. Nusu eka ni kama mita za mraba 2,000. Ukitaka kuinywesha mara moja tu vizuri, milimita 20, unahitaji lita 40,000. Yaani matanki yote manne, miaka minne ya kujinyima, yanakwisha asubuhi moja na migomba inaomba tena baada ya wiki mbili. Matanki ni ya kunywa, kuoga na mifugo. Kihamba hakijawahi kuishi kwa matanki. Kinaishi kwa mfongo.

Wazee waliochimba mifongo ile hawakuwa na darubini ya kupimia mteremko, na maji yalifika. Wengi wenu mnakumbuka zamu za maji, mnakumbuka kuamshwa usiku kufungulia, na ugomvi wa mtu aliyeiba zamu ya mwenzake. Leo banio la juu limebomoka upande mmoja, na sehemu tatu za mfereji zinavuja kiasi kwamba maji yanaishia juu ya shule. Zamu ya shangazi iliyokuwa kila baada ya siku sita sasa ni moja kwa siku 16, kama maji yapo. Na wanaojitokeza siku ya kusafisha mfongo ni wazee tisa, mdogo wao ana miaka 61. Tuliwahesabu wenyewe, likizo iliyopita.

Tunajua tukitoka hapa kuna watakaosema kwamba wahasibu wanaharibu sherehe. Hata hivyo tuseme. Tuna nyumba za vyumba sita kule mlimani zinazofunguliwa siku kumi kwa mwaka, na popo ndio wenye nyumba. Na kila mmoja wetu humu, kwa desturi yetu, atarudi. Tunachanga bila kusukumwa, usiku mmoja, kwa gari la kumpeleka marehemu kilometa zaidi ya 500, turubai, jeneza na chakula cha waombolezaji. Hakuna anayeuliza risiti. Basi ule mfongo ambao ungemwezesha mtu yule yule kurudi akiwa anatembea, akae miaka ishirini analima na kuamua kesi za wajukuu, umekuwa kwenye ajenda ya chama hiki mikutano mitatu mfululizo.

Wapo wasio na kihamba. Mgawanyo wa urithi umefika mahali ambapo ndugu watano wanagawana robo eka, na mabinti wengi hawakupewa kitu. Kwao hatuna jibu la leo, zaidi ya kusema kwamba vihamba vilivyotelekezwa vipo, na wenye navyo baadhi wamekaa humu humu. Kukodishana kwa maandishi, mbele ya mashahidi, hakumnyang'anyi mtu ardhi yake. Mwenyekiti, tunaomba kamati ilichukue hilo.

Ahadi yetu ni mifuko 30 ya saruji, na siku tano katika likizo yetu ijayo ya kiangazi, sisi wawili na mtoto mkubwa, kubeba mawe pale kwenye banio. Ambaye hana saruji aandike siku. Mweka hazina yuko meza ya kushoto karibu na mlango, ana madaftari mawili, moja la fedha na vifaa, jingine la siku za kazi. Hilo la pili tumelipigia mistari wenyewe na bado lina kurasa tupu 96.