Dhiki na Mafanikio: Kipi Kinatufundisha Zaidi? Mafunzo kutoka Unguja

Mada kwa semina ya walimu na viongozi wa vikundi vya ushirika, Mji Mkongwe, Zanzibar

1. Utangulizi



Wazee wetu walisema baada ya dhiki faraja. Methali hii tunamliwaza nayo mgonjwa, mfiwa na mfanyabiashara aliyefilisika. Lakini tukiisikiliza vizuri, inaahidi faraja tu, haikuahidi elimu. Mtu anaweza kutoka kwenye dhiki, akapata nafuu, na asiwe amejifunza chochote. Kwa upande mwingine, wapo waliofanikiwa ambao ukiwauliza wamefikaje hapo, hawana la kukueleza zaidi ya kumshukuru Mungu.

Swali nililopewa ni hili: baina ya dhiki na mafanikio, kipi kinatufundisha zaidi? Nitalijibu kwa mifano ya kisiwa hiki. Msimamo wangu nautanguliza ili mpate kuujadili: dhiki hufundisha zaidi, kwa sababu humlazimisha mtu kuuliza. Lakini haifundishi peke yake. Inamhitaji mtu aliyebakiwa na uwezo wa kujaribu jingine, na inahitaji kumbukumbu.

2. Mwani: neema isiyouliza, hasara iliyouliza

Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Kabla ya hapo, Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa ameufanyia utafiti mwani wa pwani zetu na kuhimiza ulimwe.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya neema. Mwanamke alichomeka vijiti vyake mchangani, akafunga mbegu kwenye kamba, akazihudumia maji yanapokupwa wakati wa bamvua, na baada ya wiki chache akavuna, akaanika, akauza. Wengi walishika fedha yao wenyewe kwa mara ya kwanza. Walinunua sare za skuli, vyombo vya ndani na mabati ya kuezekea.

Neema hiyo ilifundisha nini? Ilifundisha kuongeza kamba. Ilimradi mnunuzi alikuja na mizani yake, hapakuwa na haja kubwa ya kuuliza mwani unakwenda kufanywa nini, bei inapangwa na nani, wala nini kitatokea aina moja ikishindwa kuota.

Kisha bahari ikabadilika. Kuanzia miaka ya 2000, kotonii, aina inayolipwa bei nzuri zaidi, ilianza kufa katika maeneo mengi. Maji ya kina kifupi yalipopata joto kupita kiasi, matawi yake yalipauka, yakalainika, yakakatika. Ikabaki spinosamu, yenye ustahimilivu zaidi lakini bei ndogo. Wanaume wengi waliokuwa wameingia kwenye kilimo hicho wakatoka, wakarudi kwenye uvuvi au wakatafuta kazi za utalii. Wanawake wakabaki, na hadi leo ndio walio wengi.

Hapo ndipo maswali yalipoanza. Dkt. Flower Msuya, wakati huo akiwa mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, alikaa na wakulima kutafuta njia mbili: kulima kwenye maji yenye kina zaidi, ambako joto ni dogo, na kuuongezea mwani thamani kabla haujauzwa. Kuanzia mwaka 2006 vikundi vya wanawake, kikiwemo cha Kidoti, vilijifunza kusaga mwani mkavu kuwa unga na kuutia katika sabuni ya mafuta ya nazi, yenye harufu ya karafuu, mchaichai au mdalasini. Mkulima akagundua kwamba kipande kimoja cha sabuni kinaweza kumlipa zaidi ya kilo nzima ya mwani mkavu.

Tuangalie nani alifanya nini hapa. Hasara ilileta swali. Utafiti ulileta njia. Kikundi kikawapa wanawake mahali pa kujaribu bila mmoja wao kubeba hasara yote. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo, mambo hukwama. Mfano ni hiyo njia ya kwanza: maji ya kina yanataka chombo na kujua kuogelea, na wanawake wengi wa vijijini hawakuwahi kufundishwa kuogelea. Swali lao lilikuwa sahihi, lakini nyenzo hawakuwa nazo.

3. Giza la mara mbili: dhiki isiyofundisha

Wako watakaosema kwamba dhiki ikizidi, mtu atajifunza tu. Historia yetu ya karibuni inakataa.

Mwezi wa Mei 2008 umeme wa Unguja, unaotoka Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari hadi Fumba, ulikatika, na kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Pampu za visima zilisimama, maji yakawa ya kubeba kwa madumu, na vyakula vikaharibika kwenye majokofu. Tarehe 10 Desemba 2009 umeme ulikatika tena, na safari hii giza lilifika Machi 2010. Miezi mitatu! Baina ya giza la kwanza na la pili kulikuwa na mwaka mmoja na nusu, na kisiwa kilikutwa tena hakina umeme wa akiba wa kutosha.

Si kwamba hakuna aliyejifunza. Mwenye duka na mwenye hoteli walijifunza upesi: walinunua jenereta. Lakini somo la mtu mmoja mmoja halikuwa somo la jamii, na asiye na uwezo alirudi kwenye kibatari. Ni baada ya giza la pili ndipo majenereta ya dharura yalipofungwa Mtoni. Mwaka 2013 ukaja waya mpya wa megawati 100. Na inafaa tukumbuke kwamba mkataba wa fedha zake ulitiwa saini Februari 2008, kabla hata ya giza la kwanza. Waliousaini hawakusubiri dhiki iwafundishe. Waliuona uchakavu, wakapanga.

Baharini tulilipa zaidi. Meli ya MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 njiani kwenda Pemba, na mamia ya watu walipoteza maisha. Tarehe 18 Julai 2012, miezi kumi tu baadaye, meli ya MV Skagit ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe. Wahenga walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Kama msiba mkubwa kiasi kile haukutosha kutulinda kwa mwaka mmoja, basi ukubwa wa dhiki si kipimo cha elimu.

4. Malaria: mafanikio yanayosahaulisha

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi 1968, Zanzibar ilipigana na malaria kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani. Nyumba zilipuliziwa dawa, na maambukizi yaliyokuwa yamewapata watu wengi kuliko waliosalimika yakashuka hadi chini ya asilimia 10. Kisha mpango ukasimama. Mbu hakusimama. Malaria ikarudi, na kizazi kilichofuata kikaugua kama vile hapakuwahi kufanyika kitu.

Mapambano mapya yalianza na dawa mseto mwaka 2003, kisha vyandarua na upuliziaji, na ndani ya miaka michache maambukizi yakashuka chini ya asilimia 1. Tofauti ya safari hii ni kwamba yale ya 1968 yalikuwa yanakumbukwa. Badala ya kutangaza ushindi na kufunga ofisi, uliwekwa utaratibu wa kituo cha afya kutoa taarifa ya kila mgonjwa na maofisa kufuatilia hadi nyumbani kwake na kuwapima wanaoishi naye. Hata hivyo, mwaka 2023 wagonjwa waliongezeka tena, ishara kwamba mlango bado unahitaji bawabu.

Basi mafanikio nayo hufundisha, lakini kwa yule anayeyatazama kwa wasiwasi. Yakitazamwa kwa kuridhika, hutufundisha kulala.

5. Siti binti Saad: mafanikio yenye njia inayoonekana

Nisiyaonee mafanikio. Siti binti Saad alizaliwa Fumba karibu mwaka 1880 katika familia yenye asili ya utumwa. Aliuza vyungu kabla ya kuingia mjini mwaka 1911 na kujifunza muziki ukubwani. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikasikika Afrika Mashariki nzima kwa Kiswahili.

Dhiki ya Siti walikuwa nayo wanawake wengi wa zama zake, na peke yake isingemfundisha mtu. Kilichowafundisha wengine ni kuona kwamba mwanamke wa shamba, asiye na jina wala nasaba, ameweza. Mwimbaji Bi Kidude, aliyetutoka mwaka 2013, alikuwa miongoni mwa walioifuata njia hiyo. Na sisi tunaijua njia yenyewe kwa sababu Shaaban Robert aliiandika katika wasifu wake wa Siti. Mafanikio yanayofundisha ni yale ambayo hatua zake zimewekwa wazi, pamoja na pale mwenyewe alipojikwaa.

6. Hitimisho na mapendekezo

Nimesema dhiki hufundisha zaidi, na ninabaki hapo. Lakini nawaomba tusiitukuze. Mama aliyeinama baharini saa nzima na kurudi na malipo madogo hahitaji kuambiwa kwamba umaskini ni chuo. Mwenye njaa hana nafasi ya kujaribu mbinu mpya, kwa kuwa jaribio likishindwa watoto watalala bila kula. Anayetaka watu wajifunze kutokana na dhiki ahakikishe kwanza dhiki haijawamaliza.

Napendekeza mambo matatu.

Kwanza, kila kikundi cha ushirika kiwe na daftari la kumbukumbu, si la fedha pekee. Msimu uliokwenda vibaya uandikwe: nini kilitokea, tulifanya nini, nini hakikufaa. Msimu uliokwenda vizuri uandikwe vilevile.

Pili, skulini, matokeo ya mtihani yakitoka, tusiishie kumpongeza aliyefaulu na kumwaibisha aliyefeli. Wote wawili waulizwe walivyosoma, na majibu yao yatumike darasani.

Tatu, ripoti za ajali na majanga ziandikwe kwa Kiswahili chepesi, zisomwe shehiani, na baada ya mwaka mmoja wananchi waelezwe lipi limetekelezwa na lipi bado.

Ndugu washiriki, tunaporudi vijijini na maskulini kwetu, tuanze na hilo daftari. Gharama yake ni ndogo, na hakuna haja ya kusubiri janga jingine ndipo tulinunue.