Tela letu na baridi ya mwezi wa sita



Kesho kutwa tela letu litatoka hapa Uyole na viazi kwenda Iringa. Ni safari yake ya kwanza ndefu, kiasi cha kilomita 300. Wakati huu wa baridi ukungu wa alfajiri huziba barabara, na kule Kitulo hata sakitu huanguka.

Basi tufanye nini? Kwanza, pini ya kuunganishia tela ikazwe na mnyororo wa usalama ufungwe. Pili, beringi zitiwe grisi na breki zijaribiwe. Tatu, upepo wa matairi upimwe kabla ya kuondoka, matairi yangali baridi. Yakishapata moto, kipimo hudanganya. Nne, taa za nyuma ziwake, zipanguswe tope. Mkifika Chimala, simameni mkaze tena nati za magurudumu.

La tano ndilo kubwa. Gari likiharibika njiani, mtalala chini ya turubai, pengine Makambako au Mafinga. Baridi ya huko mnaijua. Lakini mtu asiingize jiko la mkaa! Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala huweza asiamke tena. Hata moshi ukiisha, makaa mekundu bado yanatoa sumu hiyo. Chukueni mablanketi, makoti na chupa ya chai. Jiko likae nje.

Viazi vikioza tutalima vingine. Mtu je, tutamlima wapi?

Safari njema.