Chanjo zilizoondoka Kongo

Msikilizaji, tuanze na hesabu. Machi 2021, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipokea dozi milioni 1.7 za chanjo ya UVIKO-19 ya AstraZeneca kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo. Serikali ikasita, kwa hofu ya taarifa za damu kuganda Ulaya. Dozi zipatazo milioni 1.3 zikapelekwa nchi nyingine kabla hazijaharibika.

Jambo hili linawahusuje Wakongomani wa Kensington-Bailey, Buffalo, Marekani? Aprili 19, Marekani ilifungua chanjo kwa kila mtu mzima. Siku hiyohiyo, nyumbani kwao, Kinshasa ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kuchanja.

Wapo wanaosema tahadhari ilikuwa haki, na kugawa ni bora kuliko kutupa. Kweli. Lakini kusita huko kulilisha uvumi, na watu wachache wakijitokeza dozi hupotea, kwani chupa ya chanjo ikishafunguliwa hudumu saa 6 tu.

Je, msaada ukifika huku muda wake ukiyoyoma, nani awajibike: mtoaji au mpokeaji?