NAFASI YA DISKI NA PROGRAMU ZA FLATPAK

Maelezo ya mazungumzo kwa makatibu wa vyama vya msingi



Chama kinachonunua kompyuta kuukuu hupenda kuitia mfumo wa Linux, kwa kuwa hauna malipo. Diski ya mashine kama hiyo mara nyingi ni ndogo. Ikijaa katikati ya msimu wa ununuzi, daftari la mizani halihifadhiki, na mkulima aliyekwisha pimiwa mzigo wake huondoka bila stakabadhi. Hapo lawama huangukia Flatpak: katibu aliomba programu ndogo ya megabaiti chache, akaletewa mzigo wa mamia ya megabaiti. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, ila si wote.

Flatpak ilianza kwa jina la xdg-app, kazi iliyoongozwa na Alexander Larsson wa kampuni ya Red Hat, ikapewa jina lake la sasa mwaka 2016. Kabla yake, programu zilitegemea maktaba za mfumo wenyewe. Mfumo ukibadilishwa, programu nyingine zilikufa. Flatpak huifungia kila programu katika chumba chake, isiguse mali ya mwenzake bila ruhusa, na huipa msingi wa kusimamia ambao hautegemei mfumo wa mashine. Misingi inayotumika zaidi ni ya Freedesktop, GNOME na KDE. Msingi ndio mzito, wala si programu.

Lakini msingi ni mali ya ushirika. Programu ya kwanza inayouhitaji huuleta; ya pili na ya tano zinazotumia toleo lile lile huukuta tayari. Ni kama mwanachama aliyeleta gunia la kwanza la kahawa, akahesabiwa gharama ya mashine nzima ya kukoboa! Tena, faili mbili zenye maandishi yale yale kabisa huwekwa mara moja tu katika ghala la Flatpak, hata zikiwa za misingi miwili tofauti. Kwa sababu hiyo, anayepima kila programu peke yake kisha akajumlisha hupata hesabu iliyozidi, maana faili moja huhesabiwa kila inapotajwa. Kipimo cha kuaminika ni nafasi iliyobaki katika diski nzima, kabla na baada ya kuweka programu, na hiyo huonyeshwa na amri ya df.

Hasara ya kweli iko kwingine, kwenye matoleo. Msingi wa GNOME hutoka upya kila miezi sita, na kila toleo hutunzwa kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Programu ambayo watengenezaji wake wamelala hubaki juu ya toleo la zamani, na toleo hilo zima hubaki diskini kwa ajili yake pekee. Mbaya zaidi, msingi uliokwisha muda wake haupati tena marekebisho ya usalama. Mkaidi huyo hutafutwa kwa amri hii:

flatpak list --app --columns=application,runtime

Orodha itataja kila programu na msingi wake. Programu iliyo peke yake juu ya msingi wa zamani ifikiriwe: je, chama kinaihitaji? Ikiondolewa, msingi uliobaki bila mtumiaji huondolewa kwa amri ya flatpak uninstall --unused. Kazi hiyo ifanywe kila mwisho wa mwezi, pamoja na kufunga hesabu. Katibu asifute faili kwa mkono ndani ya /var/lib/flatpak. Ghala hilo lina hesabu zake, na mkono wa mtu huzivuruga.

Jambo jingine lahitaji uangalifu mkubwa. Katika nyumba ya kila mtumiaji kuna folda iliyofichwa iitwayo .var/app, ambamo kila programu huweka vitu vyake. Folda hiyo huvimba, na huonekana kama takataka. Si takataka yote. Thunderbird iliyowekwa kwa Flatpak hutunza barua humo. Anayeifuta folda yake hufuta barua zilizohifadhiwa katika kompyuta hiyo tu, na miongoni mwao zaweza kuwamo barua za wanunuzi na za benki. Nakala itolewe kwanza, na ifunguliwe kwenye mashine nyingine ili kuhakikisha kuwa inasomeka. Kwa upande mwingine, kuondoa programu kwa njia ya kawaida hakufuti folda hiyo, kwa hiyo vitu vya programu zilizokwisha ondolewa zamani vyaweza kuwa bado vimo.

Wanaotumia Ubuntu watakutana pia na Snap, ya kampuni ya Canonical. Hii huweka kila programu katika faili moja iliyobanwa, na kwa kawaida huhifadhi matoleo mawili: linalotumika na lililotangulia. Programu ya Snap ikiondolewa, picha ya data yake huwekwa kwa siku 31, isipokuwa neno --purge limeongezwa kwenye amri. Kwa hiyo katibu aliyefuta programu jana na kuona nafasi haikuongezeka kama alivyotarajia, aangalie kwanza orodha ya picha hizo kwa amri ya snap saved.